Mashine Ikisahau Kazi Yake, Mfanyakazi Asisahau Hesabu Yake

Mara nyingi kurasa hizi za Kiswahili zimeeleza habari za mashine zinazokuja kuchukua kazi ya mikono. Safari hii tunaeleza jambo la upande wa pili. Ni habari ya mashine iliyokwisha kuichukua kazi, watu wakaizoea, na mikono ikasahau. Kisha siku moja programu ya mashine hiyo inabadilishwa, na kazi ile inabaki bila wa kuifanya.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya makarani na wakubwa wa ofisini. Sivyo. Jambo hili linaingia katika mfuko wa mkataji wa mashada ya chikichi, wa mbebaji, wa mpishi wa mawese, na wa mama anayeanika ndagala kwa kibarua. Siku hizi mshahara wa watu wengi hupitia katika kompyuta kabla haujafika mkononi. Kompyuta ikiacha kufanya jambo moja dogo lililokuwa likifanyika lenyewe, wa kwanza kupungukiwa ni yule ambaye hajawahi hata kuiona hiyo kompyuta.

MIZANI NDIYO MLANGO WA MSHAHARA

Tuanze hapa kwetu, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Minago hadi Rumonge, mji ulio kilometa zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, na kuteremka mpaka Nyanza-Lac, mchikichi ndio mti wa mkate wetu. Mashada yake yanatoa mawese, na kokwa zake zinatoa mafuta ya mise. Mafuta hayo yanakwenda jikoni, sokoni, na katika viwanda vya sabuni.

Kila anayefanya kazi hiyo anajua kwamba shada likishakatwa halingoji. Wakamuaji wadogo huliacha siku kadhaa ili chikichi zilegee na kung'oka kwa urahisi. Lakini likizidi kukaa, au chikichi zikipondeka njiani, asidi huongezeka ndani ya mafuta na bei yake hushuka. Kwa hiyo upimaji haupaswi kucheleweshwa. Foleni ikisimama mbele ya mizani, mali inaharibika na lawama inatafuta mtu wa kumwangukia.

Sasa hebu tuitazame hesabu yenyewe. Mzigo unapimwa pamoja na kikapu au gunia. Uzito wa chombo unatolewa. Mizigo ya siku inajumlishwa. Jumla inazidishwa kwa bei ya kilo. Siku zote za mwezi zinajumlishwa. Kisha yanakuja makato: fedha iliyochukuliwa mapema, mchango wa INSS, na ada ya sendika kwa mwanachama. Kinachobaki ndicho mshahara.

Zamani hatua hizo zote zilifanywa na karani kwa kalamu, na kapita akasimama pembeni na daftari lake. Penye kompyuta, karani anaandika namba mbili tatu tu, anabonyeza kitufe, na karatasi ya mshahara inatoka. Karani mpya wa siku hizi huenda hajawahi kuifanya hesabu hiyo kwa mkono hata mara moja. Hatumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha.

Tutoe mfano. Namba hizi ni za mfano tu, si bei ya shamba lolote. Mkataji ameleta mizigo 6 kwa siku, na mizani imeonyesha kilo 312 pamoja na vikapu. Kila kikapu kina kilo 2, kwa hiyo vikapu vyote ni kilo 12. Uzito halisi wa mashada ni kilo 300. Kama malipo ni faranga 40 kwa kilo, siku hiyo amepata faranga 12,000.

Programu ya zamani ilikuwa ikiutoa uzito wa kikapu yenyewe, kwa kipimo cha kikapu kinachotumika kweli. Programu mpya haina nafasi ya kuandika uzito wa kikapu. Imepangwa kutoa kilo 5 kwa kila mzigo, pengine kwa sababu aliyeitengeneza alifikiria chombo cha namna nyingine. Sasa zinatolewa kilo 30 badala ya 12. Uzito unaandikwa kilo 282, na malipo yanakuwa faranga 11,280. Mkataji amepoteza faranga 720 kwa siku moja. Kwa siku 24 za kazi amepoteza faranga 17,280. Wakiwa wakataji 50, ni faranga 864,000 kwa mwezi mmoja, na hapana mtu aliyeiba hata faranga moja.

Kosa linaweza pia kwenda upande mwingine. Programu mpya ikiacha kabisa kutoa uzito wa vikapu, mkataji huyo analipwa kilo 12 zaidi kila siku, yaani faranga 480. Atafurahi mwezi huo. Lakini baada ya miezi mitatu mhasibu atagundua, na mwajiri atataka fedha yake irudishwe kwa mara moja. Fedha imekwisha kuliwa. Watoto wamekwisha kulipiwa shule. Malipo ya ziada yasiyo halali hayana tofauti na deni ambalo hukuliomba.

KWA NINI PROGRAMU HUPUNGUZIWA KAZI

Mfanyakazi mwenye busara hutafuta sababu kabla ya kukasirika. Zipo sababu za namna tatu, na kila moja ina jibu lake.

Sababu ya kwanza ni usalama. Ofisi nyingi ndogo hufanya hesabu za mshahara katika programu ya Excel ya kampuni ya Microsoft. Ndani yake kuna kitu kiitwacho makro, yaani maagizo yaliyopangwa mara moja ili karani abonyeze kitufe kimoja na kazi ya saa nzima imalizike kwa nukta chache. Makro za namna ya kwanza zilikuwamo tayari katika Excel ya mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikaja namna nyingine inayotumika mpaka sasa.

Ubaya ni kwamba wezi nao waliipenda makro. Waliificha ndani ya barua na hati, mtu akaifungua, na kompyuta yake ikatekwa. Virusi vilivyoitwa Emotet vilienea kwa njia hiyo, mpaka polisi wa nchi kadhaa wakashirikiana kuuvunja mtandao wake Januari 2021. Basi Microsoft ikachukua hatua. Mwanzoni mwa 2022 makro za zamani zikafungwa. Februari mwaka huohuo ikatangazwa kwamba hata makro za namna ya pili zitazuiwa katika kila faili lililotoka kwenye intaneti. Watumiaji wengi wakalalamika, kampuni ikasimamisha zuio hilo kwa muda mwezi Julai 2022, kisha ikalirudisha mwezi huohuo baada ya kueleza vizuri zaidi namna ya kulishughulikia.

Matokeo yake ni haya. Karani anapokea faili la mshahara kutoka makao makuu kwa barua ya kompyuta. Analifungua kama miezi yote. Safari hii unatokea mstari mwekundu, na kitufe alichokizoea hakifanyi kazi. Zamani ulikuwa mstari wa manjano, akaubonyeza na kuendelea. Sasa hana pa kubonyeza. Tarehe ya mshahara imefika, na watu wamekaa nje.

Dawa ya tatizo hilo ipo, na haina gharama. Karani alifunge faili, alibonyeze kwa kitufe cha kulia cha puku, afungue ukurasa wa sifa za faili, na chini kabisa ataona kisanduku cha kuondoa zuio. Lakini afanye hivyo kwa faili analolijua tu, lililotoka kwa mtu anayemjua, na baada ya kuuliza kwa simu. Njia iliyo bora ni fundi wa ofisi kutenga mahali maalumu pa kuweka mafaili yanayoaminika. Kinachokatazwa ni kuondoa ulinzi wote kwa hasira. Mshahara wa watu mia ukiibiwa na wezi wa mtandao, hasara itakuwa kubwa kuliko kuchelewa kwa siku moja.

Sababu ya pili ni uzee. Kampuni iliyotengeneza programu huacha kuitunza baada ya miaka kadhaa. Programu ya Flash ya kampuni ya Adobe ilitumika duniani kote katika kurasa za intaneti. Matumizi yake yalifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuiwa kabisa isifanye kazi. Mwisho huo ulikuwa umetangazwa tangu mwaka 2017. Hata hivyo Mamlaka ya Kodi ya Afrika Kusini ilikuwa bado na fomu zinazotegemea Flash, ikabidi itoe programu yake maalumu ili walipa kodi waweze kuzifungua. Ofisi kubwa namna hiyo, yenye mafundi, ilikutwa haijamaliza kujiandaa. Sembuse ofisi ya shamba?

Vivyo hivyo Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 inayoifuata. Mwajiri anayenunua kompyuta mpya hujikuta na programu mpya za kila namna, na programu yake ya mizani ya zamani huenda isikubali kukaa humo.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanachama wa sendika. Ni wakubwa kupunguza kazi za programu kwa makusudi ili kubana matumizi, kisha mzigo ukaangukia wafanyakazi. Juu ya hilo kuna mfano mkubwa uliotokea Canada, na inafaa kila mwakilishi wa wafanyakazi aujue.

YALIYOWAPATA WAFANYAKAZI WA SERIKALI YA CANADA

Serikali ya Canada ilikuwa na mfumo wa mishahara uliokuwa na umri wa miaka kama 40. Mfumo ulikuwa mzee, lakini ulizungukwa na makarani wa mishahara wapatao 1,200 katika wizara mbalimbali. Makarani hao walijua kila kona: nani amepandishwa cheo, nani yuko likizo ya uzazi, nani amefanya kazi ya zamu usiku.

Serikali ikaamua kuleta mfumo mpya ulioitwa Phoenix, uliojengwa na kampuni ya IBM. Lengo lilikuwa kuokoa dola milioni 70 kwa mwaka. Makarani wakapunguzwa, na kazi yao ikahamishiwa katika kituo kimoja huko Miramichi, jimbo la New Brunswick, chenye watu wapatao 550.

Mwaka 2012 IBM ilisema kwamba kuujenga mfumo kama ulivyotakiwa kutagharimu dola milioni 274. Fedha iliyokuwa imekubaliwa ni dola milioni 155. Wasimamizi hawakuomba fedha zaidi. Walichofanya ni kuupunguza mfumo. Katika kazi 984 zilizoorodheshwa, zaidi ya 100 ziliondolewa au zikaahirishwa. Mojawapo ilikuwa kukokotoa malipo ya nyuma, yaani fedha anayodai mfanyakazi mshahara unapopandishwa kuanzia tarehe iliyokwisha kupita. Muda wa majaribio ukapunguzwa. Jaribio la kuutumia kwanza katika wizara moja likafutwa.

Februari 2016 mfumo ukaanza, na Aprili ukaenezwa. Mara moja wafanyakazi wakaanza kulia. Wengine walilipwa pungufu, wengine hawakulipwa kabisa, na wengine walilipwa kupita kiasi kisha wakadaiwa. Ilipofika Juni 2017, watu zaidi ya 150,000 walikuwa na madai yanayongoja, na makosa yaliyosubiri kusahihishwa yalifikia thamani ya zaidi ya dola milioni 500. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2018, aliandika kwamba kushindwa huko hakueleweki kabisa. Mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba itatafuta mfumo mwingine.

Chama cha wafanyakazi wa serikali, PSAC, hakikukaa kimya. Kilikusanya ushahidi wa kila mwanachama, kikaandamana, kikaenda katika majadiliano. Mwaka 2020 kikapata mapatano ya fidia ya mpaka dola 2,500 kwa kila mwanachama aliyehusika: dola 1,000 kwa mwaka wa kwanza wa matatizo, na 500 kwa kila mmoja wa miaka mitatu iliyofuata. Waliopata hasara kubwa zaidi waliruhusiwa kuendelea kudai.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Mfumo wa zamani haukuwa wa ajabu. Ulifanya kazi kwa sababu ndani yake kulikuwa na ujuzi wa watu. Wakubwa walidhani kwamba ujuzi wote umo katika mashine, wakawaondoa watu. Halafu wakapunguza na mashine yenyewe. Pande zote mbili zikabaki tupu. Ikiwa haya yaliweza kutokea katika nchi tajiri, hapana sababu ya kudhani kwamba hayawezi kutokea katika shamba au kiwanda chetu, pengine kwa kiasi kidogo na bila Mkaguzi Mkuu wa kuandika ripoti.

KARANI SI ADUI

Mshahara ukitoka pungufu, hasira ya kwanza humwangukia karani. Ndiye anayeonekana dirishani. Tunawaomba wenzetu wafikiri. Mara nyingi karani naye ameamka asubuhi akakuta programu imebadilika bila kuambiwa. Anafanya kwa mkono kazi ambayo jana ilifanywa na mashine, kwa saa zilezile na mshahara uleule. Akikosea, ataandikiwa barua ya onyo. Naye ni mfanyakazi, na anapaswa kutetewa na sendika kama mkataji anavyotetewa.

Uingereza walijifunza jambo hili kwa uchungu. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu kompyuta ilionyesha kwamba fedha zimepungua. Kompyuta ndiyo iliyokuwa na makosa. Bunge lilizifuta nyingi kati ya hukumu hizo kwa sheria Mei 2024, baada ya watu kufungwa, kufilisika, na wengine kufa. Kwa hiyo neno la mashine peke yake lisikubaliwe kuwa ushahidi, si dhidi ya mkataji wala dhidi ya karani.

WAVUVI WANATUFUNDISHA

Hapa ziwani kuna somo la karibu. Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku kwa taa. Kwa miaka mingi ilikuwa taa ya karabai, yenye mafuta ya taa na pampu. Siku hizi wengi wana taa za betri. Taa imebadilika, lakini mvuvi hajaacha kuutazama mwezi. Anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu ndagala hawakusanyiki chini ya taa, hata taa ingekuwa mpya namna gani, na mitumbwi hukaa ufukoni.

Ujuzi wa mwezi haukuwekwa ndani ya karabai, kwa hiyo haukutupwa pamoja nayo. Nasi tufanye hivyo hivyo. Ujuzi wa kuhesabu mshahara usiwekwe wote ndani ya programu. Ukae pia ndani ya daftari na ndani ya vichwa vya watu.

SIMU ZETU NAZO

Watu wengi sasa hupokea habari za kazi katika simu: zamu ya kesho, uzito wa jana, siku ya mshahara. Kundi la WhatsApp limechukua mahali pa ubao wa matangazo. Tujue kwamba nalo lina mwisho wake kwa simu za zamani. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na mwaka huohuo iliachwa pia katika simu ndogo za vitufe zinazotumia KaiOS.

Mwenye simu ya namna hiyo hakufanya kosa lolote. Alilala akiwa na habari, akaamka hana. Basi mwajiri asiruhusiwe kusema, “Tulitangaza katika kundi.” Tangazo la kazi na la mshahara libandikwe pia penye mizani na penye lango, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma au kusomewa.

YATUPASAYO KUFANYA

Tunapendekeza hatua zifuatazo. Hakuna hata moja inayohitaji fedha nyingi, ila zote zinahitaji umoja.

1. Kila mfanyakazi awe na daftari lake. Aandike tarehe, idadi ya mizigo, uzito wa kila mzigo kama mizani ilivyoonyesha, na saa za kazi. Asiyejua kuandika amtafute mwenzake amwandikie siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi. Daftari la kila siku lina nguvu mbele ya mkaguzi wa kazi kuliko maneno ya mwezi mzima.

2. Wawakilishi waandike orodha ya kazi zote ambazo programu ya sasa inazifanya yenyewe. Je, inatoa uzito wa kikapu? Inahesabu saa za ziada? Inakumbuka siku za sikukuu? Inakata ada ya sendika na mchango wa INSS? Orodha hiyo iandikwe leo, wakati programu bado inafanya kazi. Siku ikibadilishwa mtajua mara moja ni kitu gani kimekosekana.

3. Kabla programu haijabadilishwa, mwajiri atoe taarifa kwa maandishi, aeleze kitakachoongezwa na kitakachoondolewa. Mabadiliko yasifanywe juma la kulipa mishahara.

4. Kwa mwezi mmoja au miwili hesabu zifanywe kwa njia mbili, ya zamani na ya mpya, kisha zilinganishwe. Kama hilo haliwezekani kwa watu wote, wachaguliwe watu kumi wa kazi mbalimbali na hesabu zao zifanywe kwa mkono mbele ya mwakilishi. Canada waliliruka jaribio, na tumekwisha kuona matokeo yake.

5. Nakala za hesabu za zamani zichapishwe au zihifadhiwe mahali pengine kabla ya mabadiliko. Programu mpya mara nyingi haifungui mafaili ya zamani, na mwenye madai ya mwaka jana atabaki bila ushahidi.

6. Wachaguliwe watu wawili au watatu katika kila kazi wafundishwe kuifanya hesabu yote kwa kalamu, kutoka mizani mpaka karatasi ya mshahara. Wazee waliokuwa makarani na makapita bado wapo kati yetu. Waitwe wafundishe, nao walipwe kwa muda wao.

7. Programu ikikwama siku ya mshahara, watu walipwe fedha ya awali kwa kiasi cha mwezi uliopita, na hesabu isahihishwe baadaye. Tumbo halingoji fundi kutoka Bujumbura.

8. Ikiwa mtu amelipwa zaidi kwa kosa la mashine, fedha irudishwe kidogo kidogo kwa mapatano ya maandishi, si kukatwa kwa mara moja.

YAANDIKWE KATIKA MAPATANO

Mambo hayo yakibaki maneno ya mkutano yatasahauliwa. Yanapaswa kuingizwa katika mapatano ya pamoja kati ya sendika na mwajiri. Burundi ilikubali Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya haki ya majadiliano ya pamoja mwaka 1997. Nchi inayo pia Sheria ya Kazi iliyotolewa tarehe 24 Novemba 2020, na kila tawi linapaswa kuwa na nakala yake mezani.

Upo pia Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 juu ya ulinzi wa mishahara. Kifungu chake cha 8 kinasema makato yafanywe kwa masharti yaliyowekwa na sheria, na mapatano ya pamoja au na uamuzi wa usuluhishi tu. Kifungu cha 14 kinataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake kabla ya kuanza kazi na kila yanapobadilika, na apewe maelezo ya mshahara wake kila anapolipwa, pale ambapo mambo hayo yanaweza kugeuka. Waliouandika hawakuwa na kompyuta za mishahara, lakini waliona mbali. Walijua kwamba namba isiyoelezwa ni namba inayoweza kupunguzwa.

Katika majadiliano tusiseme kwamba hatutaki programu mpya. Programu isiyotunzwa ni mlango wazi kwa wezi, na hatutaki mshahara wetu uibiwe. Tunachosema ni kwamba mabadiliko yafanywe kwa wazi, kwa majaribio, na gharama yake isibebwe na mtu wa kibarua. Mwajiri aliyechagua programu ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba inahesabu sawasawa. Wajibu huo hauhamii kwa kampuni ya ng'ambo, wala kwa karani, wala kwa mkataji.

Ndugu wafanyakazi, tukitoka katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aende na jibu la swali hili: mashine ya mizani ikinyamaza kesho asubuhi, ni nani kati yetu anayeweza kuimaliza hesabu mpaka faranga ya mwisho? Kama hapatikani, basi kazi ya tawi kwa mwezi huu imekwisha kujulikana. Daftari na kalamu havigharimu sana, na wenye kujua wapo. Tuanze na hesabu ya mizigo ya leo.

Umoja ni nguvu.